Deni la Siku Moja

Bomba la nyuma ya maabara halifungi vizuri.
Hapo ndipo nilipoanguka, kama kuna anayeuliza:
si kwa picha za simu, si kwa kijana wa Sparki,
si kwa yale yote maalimu Badi hutuonya Jumamosi,
bali kwa tone, na tone, na tone,
siku ya kumi na saba ya mfungo, saa kumi kasorobo,
jua la Tudor limenikaa utosini kama chungu cha mtu mwingine,
baada ya seti tatu za voliboli
na suruali ndefu chini ya sketi, na ushungi wa pini nne.

Niliinama, nikanywa.
Maji yana chumvi kidogo, kama ya visima vyote vya mji huu,
nikanywa hadi pua ikalowa.
Sikusahau. Laiti ningesahau:
aliyesahau amelishwa na Mola, ndivyo tulivyosomeshwa.
Mimi nilikumbuka, nikameza.

Sasa Kadzo.
Kadzo Karisa, mpigaji wetu wa wavuni,
mamake anaimba sauti ya pili kanisani Kongowea,
nilimkuta benchini, midomo imemkauka mweupe.
Nikamwambia nenda kanywe, usinionee haya.
"Leo niko na wewe," akasema.
Kumbe aliamka saa kumi za usiku,
akala muhogo wa jana gizani,
bibi yake akamuuliza kama ameolewa kwa siri na Mswahili.
"Kwani Kwaresma hukuacha soda pamoja nami?
Hukuwa Mkristo. Ulikuwa na kiu tu."

Nilitaka kumwambia. Kengele ikalia.
Hetal akapita na daftari za kemia,
Hetal asiyekula yai, na hakuna anayemuuliza mara mbili;
tuko arobaini na wawili darasani
na kila mmoja ana kitu asichotia kinywani.

Jioni nikamleta kwetu Guraya.
Uji wa pilipili manga, viazi vya nazi, mkate wa ufuta.
Baba akauliza, "Na huyu naye yuwafunga?"
"Leo amefunga," nikasema,
na hilo ndilo neno la kweli nililosema siku hiyo.
Akamsogezea tende, yeye kwanza.
"Mashallah. Mtoto wa watu, wala hakulazimishwa."
Kisha akanigeukia: "Wamuona mwenzio?"
Nilimuona.

Adhana ikaanza msikiti wa karibu, ikadakwa na wa mbali.
Kadzo hajui dua. Akapiga ishara ya msalaba,
mbiombio, kama anayefukuza nzi,
kisha akatutazama mmoja mmoja, ameona haya.
"Kula, mwanangu," Mama akasema. "Uji wapoa."
Tende yangu ilikaa tu mdomoni.
Utamu wake haukuwa wangu.

Nilimsindikiza hadi penye taa.
Nikamwambia: bomba, saa kumi kasorobo, hadi pua.
Nikangoja acheke. Au aseme, hata wewe?
Akachokoa ufuta jinoni, taratibu.
"Nilikuona. Nilikuwa kwenye kona na chupa yangu tupu.
Nilikuja kunywa, Ruweida. Nilishindwa, wallahi,"
(wallahi, yeye!)
"nikakukuta umeinama.
Nikajiambia, mmoja wetu lazima aimalize hii siku.
Nikarudi benchini."

Sheria iko wazi, siku yangu nitailipa.
Toba ni kati yangu na Yeye.
Lakini ile siku ya Kadzo, imeandikwa wapi?
Nilimuuliza maalimu, bila kutaja jina.
Akanitazama juu ya miwani, kwa muda.
"Kalamu si yako," akasema. "We lipa lako."

Mfungo Mosi, Jumatatu ya pili.
Nimeweka kengele ya simu saa kumi za usiku, giza totoro,
paka wa jirani anapigana na debe.
Kabla sijatafuta kandambili, ujumbe ukaingia:
"Umeamka? Mimi nshakula muhogo."